Pesa ya Mizani: Iende Ng'ambo Ikapewe Nambari?

Mji wetu wa Mombasa uliwahi kuwa na pesa yake wenyewe. Si vijana wengi wa siku hizi wanaolijua jambo hili, wala si ajabu, kwani pesa hiyo haimo tena mifukoni. Imo katika vikebe na makasha ya wazee, Likoni, Kisauni na Changamwe, imechanganyika na vifungo vya kanzu, sindano na funguo za makufuli yaliyokwisha potea. Ni kipande cha shaba chenye jina la Mombasa na jina la ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, picha ya jua na picha ya mizani, maandishi ya Kiarabu, na miaka miwili: 1888 ya Kizungu na 1306 ya Hijra. Kampuni ilipewa hati yake na serikali ya Malkia Viktoria tarehe 3 Septemba, 1888, na mwaka wa 1306 ukaingia siku chache tu baadaye, katika mwezi huo huo. Pamoja na pesa hiyo ya shaba ilipigwa rupia ya fedha ya mwaka wa 1888, kisha mwaka wa 1890 zikafuata nusu rupia, robo rupia na kipande kidogo cha anna mbili. Hizo za fedha zilitoka kiwanda cha Heaton mjini Birmingham, na ukizitazama vizuri utaiona herufi ndogo ya H.

Neno lenyewe "pesa" tulilipata kwa paisa ya Kihindi kabla ya Kampuni kuja, kama vile "hela" tulivyoipata kwa Wajerumani na "thumuni" kwa Waarabu, maana yake sehemu moja katika nane. Sayyid Barghash wa Unguja naye alikwisha piga pesa yake ya shaba yenye mizani, ya mwaka 1299 na ya 1304. Kwa hiyo Kampuni ilipoweka mizani juu ya pesa ya Mombasa haikubuni jambo geni. Ilichukua alama ambayo watu wa pwani walikwisha izoea na kuiamini.

Sasa pesa hiyo imeleta mjadala mpya. Kijana aikutapo ndani ya kikebe cha bibi yake huipiga picha kwa simu, akaitafuta, na hakawii kugundua kwamba ng'ambo kuna watu wanaoitaka. Tena agundua jambo la pili: kwamba sarafu kama hiyo hiyo, ikiwa imetiwa ndani ya kijumba cha plastiki ngumu na kuandikwa nambari, huweza kuuzwa kwa bei mara nyingi kuliko iliyo tupu. "Bibi, hii nikiipeleka Marekani itapewa nambari," husema. Na bibi hujibu, "Nambari ya nini tena, mjukuu wangu, na mwaka umeandikwa?"

Jawabu la bibi lachekesha, lakini swali la kijana si la mchezo, na lafaa kujibiwa.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Mwaka wa 1949 Mmarekani aitwaye William Sheldon aliandika kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akaweka kipimo cha kutoka 1 mpaka 70. Sarafu iliyolika hata ikawa haitambulikani ila kwa shida ni 1, na iliyo kamili kabisa ni 70. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: alidhani ya 70 yapasa kuwa na thamani mara sabini ya ile ya 1. Bei za soko hazikukaa zikamfuata, lakini kipimo kilibaki. Mwaka 1986 ikaanzishwa kampuni ya PCGS huko California, na mwaka 1987 ikafuata NGC, ambayo makao yake yako Florida, na kazi yao kampuni hizi ni hiyo tu. Wewe wapelekea sarafu yako na ada, wataalamu waitazama mmoja baada ya mwingine pasipo kujua ni ya nani, wakakubaliana nambari, kisha yafungwa ndani ya kijumba cha plastiki pamoja na karatasi yenye nambari hiyo. Mnunuzi aliye Tokyo hahitaji kukujua wewe wala kuishika sarafu. Ainunua nambari.

Hapa ndipo penye faida, na ni faida ya kweli. Sisi tumezoea kuuziana kwa kujuana. Sonara wa mjini hununua bangili kwa mama kwa sababu alimjua mamake, na mama huuza kwa sababu mizani ya sonara huyo haijapata kumdhulumu. Lakini mnunuzi wa mbali hana baraza la kukaa akauliza habari zako. Nambari ni shahidi wake.

Lakini shahidi naye hutazamwa. Wamarekani wana mchezo wao wa gongo na mpira waitao besiboli, na kadi za picha za wachezaji wake huko hukusanywa kama zikusanywavyo sarafu. Kadi moja ya mchezaji aitwaye Honus Wagner, katika zile zilizotiwa ndani ya paketi za sigara kati ya 1909 na 1911, mwaka 1991 ilipewa nambari 8 katika 10 na kampuni ya kupima kadi iitwayo PSA, iliyokuwa changa bado. Mwaka 2007 kadi hiyo iliuzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro, aliyewahi kuwa nayo, akakiri kwamba alikuwa ameikata kingo zake ili ionekane mpya. Kadi iliyokatwa haistahili nambari hata moja, lakini nane ile ilikuwa imekwisha fanya kazi yake. Na huyo Sheldon, baba wa kipimo chenyewe, baada ya kufa kwake iligunduliwa kwamba alikuwa akibadilisha senti nzuri za Jumuiya ya Sarafu ya Marekani kwa mbovu zake. Sisemi haya kwa kuwasengenya Wamarekani. Nasema ili tusidhani kwamba nambari hushuka kutoka mbinguni.

Hata hivyo biashara yenyewe haikuvunjika. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, yenye nambari 9.5, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Habari kama hizi ndizo zinazowapandisha vijana wetu joto, nao hawaambiwi kwamba kwa kila kadi moja ya namna hiyo kuna maelfu ambayo hayakurudisha hata ada ya kupimiwa.

Turudi kwenye vikebe vyetu. Kikwazo cha kwanza hakihusu fedha wala sheria, chahusu usafi. Mwanamke wa pwani hawezi kuiona fedha imeingia weusi akaiacha. Ataisugua kwa jivu na ndimu, au kwa ukwaju, au kwa mchanga laini wa ufuoni, mpaka imeremete. Bangili, kikuku, ubani wanukia na fedha yang'aa, ndiyo heshima ya nyumba. Mpimaji wa Florida haoni hivyo. Kwake yeye, ile rangi ya kahawia au ya weusi iliyoipata sarafu kwa kukaa miaka mia ndiyo ngozi yake, na aliyeisugua ameichuna. Sarafu iliyosuguliwa hairudishwi na nambari. Hurudishwa na karatasi isemayo kwamba ni ya kweli lakini imesafishwa, na bei yake huanguka papo hapo. Vivyo hivyo iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, au iliyotiwa kitanzi cha kuchomelea. Sasa niambieni, reale ngapi za pwani hazikutobolewa? Kwetu fedha ilikuwa pambo kwanza na akiba pili, tena pambo lenyewe ndilo lililokuwa akiba ya mwanamke, mali yake asiyoulizwa na mtu. Tundu lile ni historia ya mtu fulani na harusi fulani. Mpimaji aliita dosari, na kwa kazi yake hakukosea. Lakini si lazima nasi tuliite hivyo.

Ushauri wangu kwa mwenye kikebe ni huu: kabla ya kufikiri Marekani, usioshe. Aliyekwisha osha basi, asijilaumu, ila ajue kwamba hesabu imebadilika.

Kisha hesabu yenyewe. Ada ya kupimiwa sarafu moja ni makumi ya dola. Ongeza posta na bima ya kwenda, ongeza ya kurudi, na huenda ukatozwa ushuru kwa mali yako mwenyewe ikirudi. Pesa ya shaba ya mwaka 1888 iliyolika kwa kupita mikononi, na nyingi za kwetu zimelika, huuzwa kwa dola chache tu. Wakusanyaji wanayo ya kutosha. Kuipeleka ni kumnunulia mbuzi wa kawaida kamba ya hariri. Hata zile za senti tano na senti kumi za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, ambazo watu huzisimulia sana kwa kuwa mfalme huyo alijiuzulu mwaka huo huo kabla ya kuvikwa taji, hazina ughali wanaoudhani wengi. Ni kweli kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizopata sarafu zenye jina lake, kwa sababu sarafu zetu zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura yake. Lakini zilipigwa kwa wingi, na kitu kilichopo kwa wingi hakipandi bei kwa kuwa kina hadithi nzuri.

Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki nazo zina udanganyifu wake. Bodi iliundwa mwisho wa 1919, ikaleta florini mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikaleta shilingi. Wengi wakiona shilingi ya Mfalme George wa Tano husema "fedha hiyo!" na kuikimbiza kwa sonara. Robo yake tu ndiyo fedha. Reale ya Maria Theresa ndiyo yenye fedha ya haja, gramu 28 na kidogo, na sehemu zaidi ya themanini katika mia ni fedha safi. Lakini mwaka wake usikudanganye. Malkia huyo wa Austria alikufa mwaka 1780, na reale yake iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo wa 1780, Vienna, London, Rome, Bombay na kwingineko, hata katika karne ya ishirini. Yenye umri wa miaka mia mbili na yenye umri wa miaka themanini zaandikwa sawasawa. Hii aghalabu bei yake ni uzani wake, na mizani ya sonara yatosha.

Basi ni zipi zinazostahili safari? Rupia ya Mombasa ya 1888 isiyopata kuoshwa, yenye ncha zake na maandishi makali. Riyali ya fedha ya Sayyid Barghash ya 1299. Na kama kuna mtu ana dhahabu ya Sayyid Barghash, basi huyo hahitaji makala haya, ahitaji wakili. Hapo nambari yaweza kuongeza thamani kuliko gharama, kwa kuwa mnunuzi wa kitu cha ghali ndiye mwenye hofu kubwa ya kuuziwa bandia. Tena ajihadhari: walaghai wamekwisha iga hata vijumba vyenyewe vya plastiki, ndiyo maana kampuni hizo zaweka orodha ambamo mtu aweza kulinganisha nambari na picha.

Lakini kabla hujafika posta, au uwanja wa ndege pale Port Reitz, kuna mlango mwingine, na huu wengi hawaujui kabisa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yasema kitu cha kale ni kile kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Mwaka 1895 ndio mwaka Kampuni ilipoondoka na serikali ya Kiingereza kuchukua nchi, tarehe 1 Julai. Kwa hiyo pesa ya mizani, rupia na ndugu zake zote zilizoingia humu siku za Kampuni ziko upande ule wa mstari. Kijana aliyeitia ndani ya bahasha na kuandika "zawadi" ajue alilolifanya. Na iliyochimbuliwa ardhini, kwa kulima au kwa kuchimba msingi wa nyumba, ni habari nyingine tena. Hiyo kwanza hupelekewa Makumbusho, haipelekwi kwa dalali.

Naona sheria hii ina maana, ingawa nakiri inawabana maskini zaidi kuliko tajiri. Tajiri atapata kibali, au atapata njia. Mama wa Mtongwe au Mlaleo mwenye rupia moja nzuri, ambayo ingemlipia mtoto karo, ndiye atakayesimama madirishani. Ikiwa serikali yataka vitu hivi visitoke, basi iwe tayari kuvinunua kwa bei ya haki, au walau iweke mtu pale Ngomeni atakayemwambia mama huyo, bila malipo na bila kumzungusha, kwamba alichonacho ni nini. Kumkataza mtu kuuza na kumwacha hajui thamani ya mali yake si kulinda urithi. Ni kuwalisha madalali, maana dalali hachelewi kufika mlangoni, naye hana habari ya kibali.

Liko pia jambo la mirathi, nalo latutazama sisi Waislamu moja kwa moja. Aghalabu kikebe kile si cha huyo mjukuu mwenye simu. Marehemu alikiacha, warithi wako, na kila mmoja ana fungu lake, hata shangazi aliyeolewa Lamu ambaye hakuulizwa. Mtu mmoja hana haki ya kuchukua mali ya wote akaipeleka Florida kwa gharama ya wote, wala kuiuza kimya kimya akasema zilikuwa pesa mbovu. Na hapa, sitaficha, nambari yaweza kusaidia. Ndugu wawili wanaogombana, mmoja akisema rupia yafaa laki na mwingine akisema haifai mia, wakipata bei inayojulikana waweza kukubaliana: mmoja abaki nayo, awape wenzake haki zao. Lakini kwa kazi hiyo si lazima kijumba cha plastiki. Bei za minada zilizokwisha chapishwa, sonara mwaminifu, na watu wawili watatu wanaojua sarafu watosha, tena bila kuitoa mali nchini.

Na katika kuuza, kama ni hapa au ng'ambo, aibu ya kitu huonyeshwa. Tundu lililozibwa kwa risasi likapakwa rangi halikuacha kuwa tundu. Wazee wetu hawakuhitaji Sheldon kuwafundisha hilo.

Mtu ataniuliza: basi wataka vitu hivi vikae vikebeni vikiliwa na kutu? Hapana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko biashara. Kilwa masultani walipiga pesa zao za shaba ambazo maandishi ya upande mmoja yaenda kwa vina na maandishi ya upande wa pili, na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota baadhi yake katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Vitabu vimeandikwa juu ya pesa hizo chache. Ya Mombasa, ambayo iko nyumba hata nyumba, mtoto wa shule wa Likoni hajapata kuishika mkononi. Hajui kwamba jina la mji wake liliwahi kukaa juu ya pesa, wala kwamba mizani aionayo kwa muuza samaki iliwahi kuwa alama ya mali ya watu wote.

Ngome yetu imekuwa makumbusho tangu 1960, na kuvuka feri kwenda kuyaona ni safari ya asubuhi moja. Lakini makumbusho hayana haja ya kungojea ng'ambo ya pili tu. Sanduku moja la kioo katika shule ya Likoni, jingine Changamwe, jingine Kisauni, na ndani yake pesa tano sita zilizoazimwa na wenyewe, pamoja na karatasi isemayo zilitoka nyumba ya nani na zilinunua nini. Zilizotobolewa na ziwemo, hizo hasa. Gharama yake haifiki ada ya kupimiwa rupia mbili Marekani.

Kwa sasa, aliye nayo nyumbani aifunge kila moja peke yake katika karatasi safi kavu. Mifuko ya plastiki laini haifai, maana plastiki ile hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Asiiweke karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari, kwa ajili ya chumvi. Aipime uzani kwa sonara, aipige picha pande zote mbili, na juu ya karatasi aandike jina la aliyeiacha na mwaka aliofariki, angali yupo mtu nyumbani anayekumbuka.